"Hapa" na "Kule" katika Konsoli za Mstari wa Amri: Mfano wa Usimamizi wa Mtandao kati ya Dodoma na Chamwino

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilipoanza kutekeleza kwa dhati uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ofisi za umma zimezidi kuenea katika uwanda huu wa kati. Chamwino, iliyo mashariki mwa jiji kando ya barabara iendayo Morogoro, ina makao makuu ya wilaya na Ikulu iliyozinduliwa mwezi Mei 2023. Kila panapofunguliwa ofisi hufungwa swichi na ruta, na ni nadra kwa fundi wa kuvihudumia vifaa hivyo kukaa jengo moja navyo. Huvisimamia kwa programu inayochora ramani ya mtandao mzima kwenye skrini. Akibonyeza picha ya kifaa hufunguliwa dirisha la konsoli, naye huandika amri.

Makala haya yanaeleza jinsi konsoli hizo zinavyosanidiwa. Aidha, yanadai kwamba vivumishi vinavyozoeleka, "ya ndani" na "ya mbali", vinaficha tofauti ambayo fundi asipoitambua anaweza kujifungia nje ya mtandao wake mwenyewe.

2.0 Utata wa "Ndani" na "Mbali"

Hapo awali konsoli ilikuwa meza ya mwendeshaji wa kompyuta kubwa. Leo ni mahali popote ambapo mtu huandika mstari wa amri na mashine ikamjibu kwa maandishi. Neno limekwisha kutoholewa, na hakuna faida ya kulibunia jingine. Tatizo liko kwenye vivumishi.

Kigezo cha umbali hakifai. Swichi iliyo chumba cha pili, ikifikiwa kupitia mtandao, ina konsoli "ya mbali" ingawa mlango wake unaonekana. Kwa upande mwingine, waya wa RS-232, ambao kwa desturi haukutarajiwa kuzidi mita 15, hutoa konsoli "ya ndani" kwa kuwa ishara zake hazipiti kwenye mtandao unaosimamiwa. Kinachotenganisha aina hizi mbili ni njia: je, amri inasafiri juu ya mtandao uleule inaokwenda kuubadilisha, au inapita pembeni?

Hata hivyo, neno "ndani" lenyewe lina maana mbili. Katika programu nyingi za usimamizi, konsoli ya ndani ni mstari wa amri wa kompyuta ya fundi, si wa kifaa. Kwa mafundi wa vifaa, konsoli ya ndani ni ule mlango wa waya ulio mgongoni mwa swichi. Chukuliwe mfano wa fundi aliyeko Dodoma mjini, anayeona kwamba ofisi moja ya Chamwino haijibu. Akiandika ping katika konsoli ya kompyuta yake, anaipima njia itokayo Dodoma kwenda Chamwino. Akiandika neno hilohilo katika konsoli ya ruta ya Chamwino, anaipima njia itokayo Chamwino kwenda kokote alikotaja. Amri ni moja, lakini maswali ni mawili, na majibu yake yanaweza kupingana bila lolote kuwa la uongo. Ukuta wa moto unaweza kuruhusu upande mmja na kuzuia wa pili.

3.0 Usanidi

Konsoli ya kompyuta ya fundi husanidiwa kwa kuandika kiolezo cha amri chenye alama za kushika nafasi: moja ya anwani ya kifaa, nyingine ya namba ya mlango. Fundi anapobonyeza picha, programu huziondoa alama hizo na kuweka thamani halisi. Kosa la kawaida ni kunakili kiolezo kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Amri ya kufuatilia njia ni tracert katika Windows lakini ni traceroute katika Linux. Na ping, ambayo katika Windows hutuma mara nne kisha ikakoma, katika Linux huendelea hadi izuiwe.

Konsoli ya waya huhitaji makubaliano ya pande mbili kuhusu kasi. Vifaa vingi vya Cisco huanza na 9600, biti 8 za data, bila pariti, na biti 1 ya kikomo. Vile vya MikroTik huanza na 115200. Kasi zikitofautiana, skrini hujaa alama zisizosomeka, na anayeanza kazi hudhani kifaa kimeharibika.

Konsoli ya kupitia mtandao ndiyo yenye hatari. Telnet, iliyopewa kiwango chake mwaka 1983 na mlango namba 23, hupitisha kila herufi wazi, neno la siri likiwemo. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki aliunda SSH, yenye mlango namba 22, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo hicho. Programu za usimamizi bado huruhusu zote mbili, na haifai kuiacha Telnet ikiwa ndiyo chaguo la awali kwa sababu tu ni rahisi.

Usimbaji, hata hivyo, haumwokoi fundi na mkono wake mwenyewe. Fundi wa Dodoma akibadilisha anwani ya swichi ya Chamwino huku ameunganishwa kwa anwani hiyohiyo, swichi hutii na mawasiliano hukatika papo hapo. Amri ilikuwa sahihi. Njia iliyoileta ndiyo imetoweka. Kinachobaki ni safari ya barabarani, au kumpigia simu mtu aliyeko huko mwenye waya wa konsoli. Kwa ajili hiyo katika Cisco huandikwa kwanza reload in 10, ili kifaa kijiwashe upya baada ya dakika 10 na kurudia usanidi uliohifadhiwa. Mambo yakienda vizuri, reload cancel huifuta amri hiyo. Kinga hii hufanya kazi tu iwapo mabadiliko hayajahifadhiwa. Juniper wana commit confirmed, ambayo hurejesha hali ya awali yenyewe isipothibitishwa. Suluhisho la gharama zaidi ni seva ya konsoli: kifaa kinachounganishwa kwa waya na milango ya swichi na ruta, nacho kikafikiwa kwa njia tofauti, mathalani mtandao wa simu za mkononi. Konsoli ya namna hiyo ni "ya ndani" kwa waya na "ya mbali" kwa matumizi, na hapo istilahi za jozi zinashindwa kabisa.

4.0 Mahali katika Kiswahili

Kiswahili hakina sababu ya kurithi ujozi huu. Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: pa- ya mahali dhahiri, ku- ya mahali pa jumla au uelekeo, na mu- ya undani. Konsoli ya waya ni ya pale kifaa kilipo. Ya SSH ni ya kule amri iendako. Ya kompyuta ya fundi ni ya humu programu inamoendeshwa. Istilahi zinazojengwa juu ya utatu huu, kama vile "konsoli ya pale", "konsoli ya kule" na "konsoli ya humu", zinaweza kuonekana nyepesi kwa wanaopenda istilahi zenye mizizi ya Kiarabu, lakini zinatenganisha kinachopaswa kutenganishwa.

Upungufu wake hujitokeza kwenye simu. Vionyeshi hutegemea msemaji: "huku" kwa fundi wa Dodoma ni Dodoma, na kwa karani wa Chamwino ni Chamwino, "huko" ya mmoja ni "huku" ya mwenziwe. Swali "niandike huku au huko?" linaweza kujibiwa kwa usahihi wa kisarufi na bado amri ikaandikwa kwenye mashine isiyostahili. Ndiyo maana kila kifaa hupewa jina linalotokea mwanzoni mwa mstari wa amri, mathalani chamwino-swichi1, nalo ndilo husomwa kwa sauti kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingiza.

Jina nalo huweza kughushiwa. SSH inapounganishwa mara ya kwanza huonyesha alama ya utambulisho wa ufunguo wa kifaa na kuuliza kama inaaminika. Wengi hujibu ndiyo bila kuisoma, kwa kuwa hawana cha kuilinganisha nacho. Cha kuilinganisha nacho hupatikana kwenye konsoli ya pale: aliyefunga kifaa Chamwino huisoma alama hiyo kupitia waya, akaiandika, na nakala ikapelekwa Dodoma kabla ya dirisha la kwanza kufunguliwa.