Kukadiria Kalori kwa Anayetaka Kupunguza Uzito

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mwili nao hujaa kidogo kidogo, na hupungua vivyo hivyo. Hata hivyo, wengi wenye uzito uliozidi hujinyima chakula bila kipimo chochote, wakadhoofika, kisha uzito ukarejea. Makala haya yananuia kueleza jinsi ya kukadiria kiasi cha chakula kinachofaa kwa siku.

Yafaa kwanza kufafanua istilahi. Kalori ni kizio cha nishati. Katika fizikia, kalori moja ni joto linalohitajika ili gramu moja ya maji iongezeke joto kwa nyuzi 1 ya selsiasi. Kalori inayotajwa na wataalamu wa lishe ni kilokalori, yaani mara 1,000 ya hiyo. Hiyo ndiyo inayokusudiwa hapa.

Hatua ya kwanza ni kukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia. Kanuni inayotumiwa sana ilichapishwa Marekani mwaka wa 1990 na Mifflin, St Jeor na wenzao. Uzito kwa kilo huzidishwa kwa 10, na kimo kwa sentimita huzidishwa kwa 6.25, majibu hayo hujumlishwa. Umri ukizidishwa kwa 5 huondolewa katika jumla hiyo. Hatimaye mwanamume huongeza 5, naye mwanamke huondoa 161.

Hatua ya pili ni kuzingatia shughuli. Jawabu huzidishwa kwa 1.2 kwa anayeketi kutwa, 1.375 kwa mwenye shughuli nyepesi, na 1.55 kwa mwenye shughuli za wastani.

Kwa mfano, mwanamke wa miaka 40 mwenye kilo 75 na kimo cha sentimita 160 hupata 1,389. Ikiwa shughuli zake ni nyepesi, huhitaji kalori 1,910 hivi ili uzito wake usibadilike. Akipunguza 500, hubaki na 1,410. Upungufu huo hauhitaji mfungo. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia vina takriban kalori 240, na vikombe vinne vya chai, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vidogo vya sukari, huongeza 190. Hizo ni 430 tayari, na ugali haujaguswa.

Ikumbukwe kuwa makadirio haya huweza kukosea kwa zaidi ya asilimia 10. Isitoshe, mwili ukipungua, mahitaji nayo hupungua: mwanamke huyo akifika kilo 68, atahitaji 1,810 hivi. Kwa hivyo hesabu hurudiwa, na mizani hutazamwa kwa majuma kadhaa kabla ya kubadilisha chochote. Mwanamke hapaswi kushuka chini ya 1,200 bila usimamizi wa daktari. Aidha, wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia insulini wamwone daktari kwanza.

Kwa kuhitimisha, hesabu hii ni mwanzo wa safari wala si hukumu. Anayepunguza kwa kipimo hupungua polepole, lakini hubaki na nguvu za kuendelea.