Wanafunzi wachezaji Marekani: ahadi za mdomo na mamilioni ya dola

Sisi tuliofika Marekani zamani tulikuta mwanafunzi anayecheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, akipewa ada, chakula na malazi basi, huku kocha wake akivuna mamilioni. Akihama chuo, kwa kawaida alikaa mwaka mzima bila kucheza.

Julai 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu wachezaji kulipwa kwa majina na sura zao. Mwaka huo huo kikawaruhusu kuhama mara moja bila adhabu, na 2024 kikaondoa kikomo, mradi masomo yasilegee. Kisha Julai 2025 vyuo vilivyoingia katika mpango mpya vikaanza kuwalipa vyenyewe, mwisho dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Septemba 2024 Matthew Sluka, mrushaji mkuu wa UNLV, Las Vegas, aliiacha timu baada ya mechi tatu, zote za ushindi. Wakala wake alidai kijana aliahidiwa dola 100,000 kwa mdomo. Chuo kikajibu kwamba madai hayo yanakiuka kanuni. Kwa mdomo! Hata dalali wa ng'ombe mnadani Pugu angetaka shahidi.

Kwa watoto wetu waliokuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, kuna kikwazo kingine. Viza hiyo inabana sana kazi za malipo, hivyo kijana anaweza kuumia uwanjani sawa na mwenzake anayelipwa, na yeye asithubutu kupokea hela ya tangazo. Wazazi mnaoletewa karatasi za kusaini, muoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kumjibu kocha.