Taa ya Bibi Haina Kosa

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya umeme tunaoutumia majumbani mwetu, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Nyumba ninayokaa, huku Malindi katika Mji Mkongwe, tunakaa familia tatu na mita yetu ni moja. Ni mita ya Tukuza, ya kununua umeme kabla ya kuutumia, na kila familia hutoa fungu lililo sawa. Sasa ikawa uniti zilizokuwa zikitutosha wiki mbili zinakwisha siku ya tisa, tena usiku. Kila giza likiingia, maneno hayakosekani ngazini. Mshitakiwa alikuwa bibi anayekaa chini, kwa sababu huacha taa ya ukumbini ikiwaka mpaka alfajiri. Mimi nilikuwa wa kwanza kumsema.

Mwisho nikaona heri tufanye hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa muda wa saa moja. Taa ya bibi ni globu ya LED ya wati 9. Ikiwaka saa 10, haijamaliza hata sehemu moja ya kumi ya uniti. Uniti moja yamtosha bibi usiku 11. Ingekuwa globu ya zamani ya wati 60, hapo tungekuwa na la kuzungumza, maana uniti hiyohiyo isingefika saa 17.

Basi nani anayekula umeme wetu? Jioni moja tulizima kila kitu, kisha tukawasha kimoja kimoja huku mmoja wetu akitazama mita. Mita hizi zina kitaa kidogo kinachopepesa, na kadiri umeme unavyoliwa kwa wingi ndivyo kinavyopepesa haraka. Ilipowashwa taa ya bibi peke yake, tulikaa dakika kadhaa hatukuona kitu. Ilipowashwa pasi, kitaa kilikwenda mbio. Ilipowashwa friji, ambayo ni yangu, hata dakika haikutimia kikapepesa, kikarudia, kikarudia tena. Pasi huzimwa nguo zikisha, lakini friji ile ilikuwa hainyamazi usiku wala mchana.

Friji nzima hunguruma ikapumzika. Yangu ilikuwa na mpira wa mlango uliochanika, imebanwa ukutani hata joto lake halina pa kutokea, na ndani barafu imeganda unene wa vidole viwili. Juu ya hayo, wanangu huuza barafu za ubuyu, na kila mteja akija mlango hufunguliwa. Friji ya wati 150 isiyopumzika hula uniti 3.6 kwa siku. Hizo ni sawa na taa ya bibi kwa usiku 40!

Funzo lake ni hili. Chombo kinacholeta joto au baridi ndicho mlaji mkubwa: pasi, birika, hita ya maji, jiko, friji na kiyoyozi. Kwa hiyo, piga pasi nguo za wiki kwa mara moja, kwani kuipasha pasi upya kila asubuhi ni hasara. Chemsha maji ya vikombe unavyohitaji tu, mengine usiyachemshe. Bana karatasi kwenye mlango wa friji. Ikichomoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Isogeze friji mbali kidogo na ukuta, na uiweke mbali na jiko.

Ama kiyoyozi, hata kidogo huweza kutaka wati 1,000, nazo zatosha feni 13. Wazee waliojenga mji huu waliweka kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu na madirisha yanayopokezana upepo. Funga mbao za madirisha yanayopigwa na jua mchana, yafungue usiku, kisha ndipo uulize kama kiyoyozi kinahitajika.

Sisi wa Unguja tulikwisha kufundishwa somo hili kwa nguvu. Umeme wetu mwingi hupita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 ulikatika kiasi cha mwezi mzima. Ukakatika tena Disemba 2009, haukurudi mpaka Machi 2010. Siku zile, aliyekuwa na jenereta alijua bei ya kila lita ya petroli, na hakuwasha kitu bila ya kuuliza kama kina ulazima. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa megawati 100, shukurani kwa Mungu. Lakini umeme uliporudi tukaacha kuuliza.

Mpira wa friji nimeshaubadilisha, na uniti zetu sasa zinafika wiki ya pili. Nilikwenda kumtaka radhi bibi. Akanijibu, "Mwanangu, mimi usiku nimelala. Taa ile nawawashia nyinyi mnaorudi usiku, msije mkaanguka ngazini."

Mali bila daftari, wasemavyo wazee, hupotea bila habari. Kabla hujamlaumu jirani yako, ndugu msikilizaji, nenda kwanza ukaitazame mita. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.