Je, Wajua? Kidude Kinachobeba Sauti ya Video za Skrini

Video ya kurekodi skrini haipigwi na kamera. Mwalimu anapoonyesha fomula za Excel, au fundi wa picha anapoelekeza kazi ya Photoshop, programu ya kurekodi hunakili kile ambacho kompyuta yenyewe imekichora kwenye kioo. Hakuna lenzi yenye vumbi, wala mwanga hafifu, wala mkono unaotetemeka. Katika video nzima, kitu kimoja tu hupita hewani, nacho ni sauti ya msemaji. Ndiyo sababu mafunzo mengi mtandaoni yana picha safi kabisa, lakini mtazamaji anayaacha dakika ya pili kwa kuwa maneno hayasikiki.

Hedifoni za waya zilizokufa zinaweza kutuonyesha safari ya sauti hiyo inaanzia wapi. Pasua kile kijisanduku chenye kitufe cha kupokelea simu. Mara nyingi ndani yake utakuta kikopo cha chuma chenye kipenyo cha milimita chache, na juu yake kitundu kidogo. Hiyo ndiyo maiki ya elektreti. Maiki nyingi za kubana kwenye kola ya shati nazo ni za aina hiyo hiyo.

Ndani ya kikopo kuna utando mwembamba wa plastiki uliopakwa metali, umewambwa kama ngozi ya ngoma mbele ya bamba la chuma. Kati ya utando na bamba kuna pengo dogo mno. Sauti ikigonga utando, pengo hupungua na kuongezeka, na volti hupanda na kushuka kufuatana na mitetemo ya sauti. Ili jambo hilo litokee, lazima pawe na chaji ya umeme kati ya vitu hivyo viwili. Maiki kubwa za studio huipata kutoka nje, kwa kawaida volti 48. Ya elektreti ina chaji yake tayari, imefungiwa katika plastiki yenyewe, na hukaa humo kwa miaka mingi.

Ugunduzi huo ni wa mwaka 1962, wa James West na Gerhard Sessler, watafiti wa Bell Labs huko New Jersey, Marekani. West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, anasimulia kwamba akiwa na umri wa miaka minane hivi alichomeka redio mbovu kwenye soketi ya dari, umeme ukamnasa, na kaka yake ndiye aliyemwokoa. Tangu hapo alitaka kujua umeme ni kitu gani. Huko Bell Labs, yeye na mwenzake walitambua kwamba filamu nyembamba ya plastiki, ikishapewa chaji, huendelea kuishikilia hata betri ikiondolewa. Hataza yao ilitolewa mwaka 1964. Baadaye maiki ya aina hii ikawa ndiyo inayotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine zote duniani, ikaingia kwenye simu, vinasa sauti na vifaa vya kusaidia usikivu. Simu na laptopu za leo zimehamia kwenye maiki za silikoni zilizo ndogo zaidi, ingawa nazo hutegemea utando na pengo.

Kidude hicho cha bei ndogo kinatosha kabisa kurekodia somo zuri. Jambo kubwa ni umbali. Sauti inayotoka mdomoni hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Maiki ya laptopu iliyo sentimita 60 kutoka mdomoni hupokea desibeli 12 pungufu kuliko maiki iliyo sentimita 15. Mwangwi wa kuta za saruji na sakafu ya vigae haupungui hivyo, kwa sababu unajaza chumba chote. Ukiongeza sauti baadaye kwenye programu, unaongeza na mwangwi na feni. Kwa hiyo sogeza maiki kwanza, kisha tafuta chumba chenye mapazia mazito, godoro au kabati la nguo lililo wazi. OBS Studio, programu ya bure aliyoianzisha Hugh Bailey mwaka 2012, ina kichujio kinachopunguza vizuri mngurumo wa feni. Mwangwi hakiuondoi. Mvua ikianza kupiga kwenye bati, subiri iishe.

Ukiisogeza maiki, usiiweke mbele kabisa ya mdomo. Pumzi ya herufi p hugonga utando kwa kishindo, na somo la kompyuta limejaa pakua, pakia, picha na programu. Maiki ikae pembeni kidogo, usawa wa shavu.

Wapo wanaochomeka hedifoni za simu kwenye kompyuta wakaona maiki haifanyi kazi. Tazama plagi: ikiwa na mistari mitatu ya plastiki, ina sehemu nne za kugusana, na mojawapo ni ya maiki. Kompyuta yenye matundu mawili, la spika na la maiki, haiwezi kuitambua bila kiunganishi cha kutenganisha njia hizo. Maiki yenyewe ni nzima.

Kwenye programu, weka kiwango cha sauti ili maneno yenye nguvu yafike kati ya desibeli -12 na -6. Katika sauti ya kidijitali, sifuri ndiyo dari. Wimbi likiigonga hukatwa kichwa, na hakuna kichujio kitakachokirudisha kama kilivyokuwa. Vifaa vyote viwe kwenye sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde. Diski za CD zilizoingia sokoni mwaka 1982 hutumia 44,100, lakini kazi ya video ilichagua 48,000, namba inayogawanyika sawasawa kwa picha 24, 25 au 30 za sekunde moja.

Kama somo linahitaji pia sauti ya kompyuta yenyewe, hiyo ni njia ya pili, nayo haipiti kwenye maiki. Windows na Linux huruhusu programu kuidaka ndani kwa ndani. Kwenye Mac, QuickTime hurekodi maiki peke yake, hivyo wengi huweka programu inayojifanya kifaa cha sauti, kama BlackHole. Android iliifungua njia hiyo kwa programu za kurekodi katika toleo la 10, mwaka 2019. Vaa hedifoni, la sivyo sauti ya spika itaingia tena kupitia maiki. Tena hifadhi njia hizo mbili kila moja peke yake, ili baadaye uweze kupunguza muziki bila kugusa maneno.

Wanaorekodi sauti kwa simu na skrini kwa kompyuta hukutana na tatizo jingine: saa za vifaa viwili hazilingani kabisa, na mwisho wa somo refu maneno yanakuwa yameachana na picha. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linasema watu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa hawagundui hadi ifike 125. Masikio yamezoea hilo. Aliyetazama mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde ameona shoka likitua kabla ya kusikia mlio, kwa kuwa sauti huenda mita 343 tu kwa sekunde. Mwanzoni na mwishoni mwa somo, bonyeza kwa nguvu kitufe cha kipanya juu ya kitu kinachobadilika kwenye skrini. Mlio huo na badiliko hilo vitakusaidia kulinganisha faili mbili.

Kabla ya somo la saa nzima, rekodi sekunde 30, vaa hedifoni, usikilize hadi mwisho. Ukisikia chumba zaidi kuliko unavyojisikia mwenyewe, sogeza maiki karibu zaidi, urekodi tena.