JE, DADU HII NI YA HAKI? HESABU ZA BAHATI KATIKA DUKA LA MICHEZO

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani yapo maduka yanayouza michezo ya mezani peke yake. Aghalabu mteja huwekewa meza na viti apate kuujaribu mchezo kabla ya kuununua, na dadu za rangi mbalimbali huuzwa moja moja. Kwetu dadu hununuliwa zaidi pamoja na ludo. Lakini popote alipo, mteja hutenda jambo lile lile: huitwaa dadu, huirusha mara mbili tatu, kisha hutoa hukumu. "Hii nzuri." "Hii mbovu, nipe nyingine." Makala haya yanachunguza iwapo mteja huyo ana msingi wa kuhukumu hivyo.

Umbo la dadu

Dadu ya haki ni ile ambayo kila uso wake una nafasi sawa na wenzake ya kutokea juu. Dadu ya kawaida ni mchemraba: nyuso zake 6 ni miraba iliyo sawa, nazo ziko umbali mmoja kutoka katikati. Kwa hiyo, ikiwa uzito umeenea sawasawa, hakuna sababu ya uso mmoja kupendelewa, na uwezekano wa kila uso ni 1/6.

Mchemraba si umbo pekee lenye sifa hiyo. Euclid, aliyefundisha Alexandria huko Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba maumbo mango ya namna hii, yenye nyuso na pembe zilizo sawa kabisa, ni matano tu: la nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Yote matano hutumika kama dadu, hasa tangu mwaka 1974 ulipotolewa Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons.

Kasoro hutoka wapi?

Katika dadu nyingi za bei nafuu namba huonyeshwa kwa vishimo vilivyochimbwa. Uso wa 6 huchimbwa vishimo sita, na uso wa 1, unaoelekeana nao, kishimo kimoja tu. Basi upande wa 6 hupungukiwa uzito kidogo, na kitovu cha uzito husogea kuelekea upande wa 1. Upande mzito hupenda kukaa chini. Kwa hiyo 6 hutokea juu mara nyingi kidogo kuliko inavyostahili. Ndiyo maana dadu za nyumba za kamari hujazwa vishimo vyake kwa rangi yenye uzito unaolingana na ule wa kitu kilichotolewa.

Je, kasoro hiyo ni kubwa kiasi gani? Mwingereza W. F. R. Weldon, mtaalamu wa elimu ya wanyama, alirusha dadu 12 kwa pamoja mara 26,306, na mwaka 1894 akampelekea Francis Galton matokeo yake. Katika jumla ya dadu 315,672 zilizohesabiwa, 5 au 6 ilitokea mara 106,602, yaani sehemu 0.3377 badala ya 0.3333. Tofauti hiyo ni ndogo mno; mteja anayerusha mara tatu hawezi kamwe kuiona.

Mitupo mitatu haitoshi

Tuseme dadu ni ya haki. Uwezekano wa mitupo mitatu kutoa namba moja, iwe yoyote, ni 1/6 x 1/6 = 1/36, kwa kuwa mtupo wa kwanza ni huru na miwili inayofuata sharti iufuate. Basi wakija wateja 108 na kila mmoja akarusha mara tatu, tutarajie takriban 3 kati yao kuona namba ile ile mara zote. Hao watatu wataondoka wakimshuku mwenye duka, ilhali dadu zake hazina ila.

Mwaka 1900 Karl Pearson, akitumia pia takwimu za Weldon, alitoa kanuni ya kupima jambo hili. Kwa kila uso, toa idadi iliyotarajiwa katika idadi iliyopatikana, zidisha tofauti kwa yenyewe, kisha gawanya kwa idadi iliyotarajiwa. Jumlisha majibu ya nyuso zote. Kwa dadu ya nyuso 6, jumla ikizidi 11.07 tuna sababu ya kushuku, kwa maana dadu ya haki huvuka kiwango hicho takriban mara 5 tu katika majaribio 100.

Chukua mfano. Dadu imerushwa mara 60, nayo nyuso 1 hadi 6 zimetokea mara 8, 9, 7, 11, 9 na 16. Kila uso ulitarajiwa mara 10. Hesabu ni (4 + 1 + 9 + 1 + 1 + 36) ÷ 10 = 5.2. Ingawa 6 imetokea mara 16, hatuwezi bado kuihukumu dadu hii. Sasa tuseme imerushwa mara 180, na kila idadi imeongezeka mara tatu: 24, 27, 21, 33, 27 na 48. Jumla inakuwa 468 ÷ 30 = 15.6. Uwiano ni ule ule, lakini ushahidi sasa una nguvu.

Jaribio la darasani

Mwalimu awagawe wanafunzi 30 katika makundi 6, kila kundi lipewe dadu moja na kuirusha mara 180. Makundi yaandike matokeo baada ya mitupo 60, kisha baada ya yote, na kulinganisha. Aidha, baadhi ya dadu za plastiki huelea katika maji yaliyokolezwa chumvi. Igeuzegeuze: uso mmoja ukirudi juu kila mara, kitovu cha uzito hakiko katikati.

Somo hili halimhusu mchezaji peke yake. Mkulima anayeisifu mbegu mpya kwa mavuno ya msimu mmoja, na mgonjwa anayeisifu dawa kwa sababu jirani wawili walipona, wanafanya kama yule mteja wa mitupo mitatu. Yamkini wamesema kweli, lakini ushahidi wao haujatosha. Kabla ya kutoa hukumu, tuulize kwanza: imerushwa mara ngapi?