Nauru: kisiwa kilichojichimba

Mwaka 1964 serikali ya Australia iliwaletea watu wa Nauru pendekezo ambalo mataifa machache yamewahi kuletewa: hameni nyote. Wangepewa kisiwa cha Curtis, karibu na pwani ya Queensland, wajengewe nyumba na kupata uraia wa Australia. Hesabu iliyosukuma pendekezo hilo ilikuwa nyepesi. Fosfeti ya Nauru ingekwisha kabla ya karne kumalizika, na ardhi iliyokwisha kuchimbwa haikaliki tena. Wanauru walikataa, kwa kuwa huko wangeishi chini ya bendera ya wengine. Miaka minne baadaye, tarehe 31 Januari 1968, walipata uhuru, Hammer DeRoburt akawa rais wao wa kwanza.

Hesabu ile ilitimia. Tunaposimuliwa habari za jamii zilizoanguka, kwa kawaida tunaambiwa watu walikata miti au walichosha udongo bila kujua wanakoelekea. Wanauru walijua. Kikomo chao kilikuwa kimeandikwa, kimejadiliwa na kupangiwa fedha, na bado kiliwaangusha.

Jiwe la mlangoni

Nauru ni kisiwa kimoja katika bahari ya Pasifiki, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 21. Unguja ingeimeza zaidi ya mara 70. Watu wake hawafiki 13,000, na wengi wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani wenye minazi. Sehemu ya katikati imeinuka, na huko ndiko ilikokuwa fosfeti, malighafi ya mbolea kama ile inayochimbwa Minjingu mkoani Manyara, ila ya Nauru ilihesabiwa miongoni mwa zilizo bora duniani.

Wazungu waliigundua kwa bahati. Kipande cha jiwe kutoka Nauru kilikuwa kikizuia mlango katika ofisi ya kampuni moja mjini Sydney, hadi Albert Ellis alipokitilia shaka na kukipima. Kufikia 1907 meli zilikuwa zinapakia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kisiwa kikawa mikononi mwa Australia, Uingereza na New Zealand, ambazo kwa miongo kadhaa ziliwauzia wakulima wao fosfeti hiyo kwa bei iliyo chini ya soko. Wenye ardhi walianza kwa kulipwa nusu peni kwa tani.

Fosfeti ilikuwa imejaa katikati ya minara ya matumbawe ya kale. Wachimbaji walifyeka miti, wakakwangua udongo, wakazoa fosfeti na kuiacha minara imesimama uchi, mingine mirefu kumshinda mtu mara kadhaa. Mahali hapo hapalimiki wala hapajengeki. Karibu asilimia 80 ya kisiwa ilifanywa hivyo.

Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikidai fidia ya ardhi iliyoharibiwa kabla ya uhuru. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1993, Australia ikakubali kulipa dola zake milioni 107. Madai yale yalikuwa ya haki. Lakini yalihusu theluthi moja tu ya kisiwa. Sehemu kubwa iliyofuata ilichimbwa na Wanauru wenyewe, baada ya kuinunua biashara hiyo mwaka 1970.

Miaka ya neema

Katika miaka ya 1970, kwa wastani wa pato la kila mtu, Nauru ilitajwa sambamba na nchi za mafuta za Ghuba. Kodi ya mapato haikuwepo. Shule na tiba zilikuwa bure, na mgonjwa aliyehitaji daktari bingwa alisafirishwa hadi Melbourne. Mjini humo serikali ilijenga Nauru House, jengo la ghorofa 52 lililofunguliwa mwaka 1977. Wali na nyama za makopo vikachukua nafasi ya samaki na nazi, na katika muongo huo huo watafiti wakakuta kisukari kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani.

Mpango wa kesho ulikuwepo. Sehemu ya mapato iliwekwa katika mifuko ya amana, ili fosfeti itakapokwisha faida ya vitega uchumi ilishe vizazi. Kinachotolewa ardhini kingegeuka fedha, na fedha ingefanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ardhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila wenye mali hawakufunuliwa kurasa zake. Amana iliyokadiriwa kuzidi dola bilioni moja za Australia iliyeyukia kwenye mahoteli, kwenye mapengo ya bajeti na kwa washauri wa kila aina. Mwaka 1993 Nauru iligharimia hata tamthilia ya muziki jijini London kuhusu Leonardo da Vinci, na haikudumu jukwaani. Nauru House iliuzwa mwaka 2004 kwa ajili ya madeni. Desemba 2005 wadai waliichukua ndege ya mwisho ya shirika la taifa.

Onyo la 1972

Katikati ya neema hiyo, mwaka 1972, kilitoka kitabu The Limits to Growth. Kiliandikwa na Donella na Dennis Meadows, Jørgen Randers na William Behrens, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, kwa ajili ya Klabu ya Roma, kundi la kimataifa la wasomi na wenye viwanda. Walitumia kompyuta kufuatilia jinsi idadi ya watu, chakula, viwanda, uchafuzi na rasilimali zisizorejea vinavyosukumana. Wengi walikisoma kama utabiri wa siku ambayo mafuta yangekauka, wakakicheka siku hiyo isipofika. Hoja yake ilikuwa nzito zaidi: maumivu ya kupita kikomo huchelewa, na yanapofika jamii imekwisha kukipita kwa mbali.

Nauru ni ushahidi wa hoja hiyo. Katika miaka ya kuchimba kwa kasi, kila takwimu ya uchumi ilionyesha afya, kwa sababu ardhi iliyokuwa ikiuzwa kwa tani ilihesabiwa kuwa mapato. Hakuna safu ya kitabu cha hesabu iliyoonyesha kwamba nchi inapungua.

Watu wa Nauru hawakutoweka. Wako, wana bunge, wanapiga kura. Walichopoteza ni nafasi ya kuchagua. Fosfeti ilipopungua walisajili mamia ya benki za jina tu, hadi Marekani ilipowawekea vikwazo. Mwaka 2001 walikubali kuwapokea waomba hifadhi ambao Australia haikuwataka. Mwaka 2021 waliibana Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari iharakishe kanuni za uchimbaji wa madini katika kina cha Pasifiki. Tangu 2025 wanauza uraia, bei ya mwanzo ikiwa dola 105,000 za Marekani, ili kupata fedha za kuwahamishia watu sehemu ya juu, mbali na bahari inayopanda. Sehemu hiyo ya juu ndiyo ile ile waliyoichimba.

Atakayesema Nauru ni ndogo mno kuifundisha dunia, ana nusu ya haki. Udogo ndio uliowaokoa. Udongo wao ulipokwisha, wali ulitoka mashamba ya wengine, na fedha zilipokwisha, majirani walikuwa na sababu ya kuwalipa. Dunia nzima ikipita kikomo, haina jirani wa kumkopa.

Mwaka 2015 Nauru iliunda mfuko mpya wa amana kwa vizazi vijavyo, ikishirikiana na wafadhili, na safari hii serikali haiwezi kuuchota inavyopenda. Kufuli hilo ni zuri, lakini limefungwa baada ya kisima kukauka. Kama lingewekwa mwaka 1970 lingeokoa fedha. Kisiwa chenyewe kingeokolewa na uamuzi mmoja tu, nao ulitakiwa kufanywa wakati mapato yakiwa juu na kila mtu ameshiba: kuamua ni kipande gani cha ardhi hakitachimbwa kamwe, bei yoyote itakayotajwa.