Fungasha kwa Ajili ya Kusimama

Usiku wa kuamkia safari huwa natandika turubai uani kwangu, hapa Embu, na kupanga juu yake kila kitu ninachotaka kubeba. Kisha nampigia simu fundi wangu. Kijana huyo nilimfundisha fizikia sekondari. Leo ana gereji yake, na hata akiwa amelala chini ya gari bado ananiita Mwalimu. Akifika huzunguka turubai na tochi yake, akinyooshea kitu kimoja kimoja. "Hiki cha nini, Mwalimu? Na hiki?" Nisichoweza kukitetea hurudi ndani ya nyumba.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, nyekundu, yenye viti viwili tu. Liliachwa na marehemu baba. Watu wa rika langu waliokulia upande huu wa Mlima Kenya wanaelewa kwa nini mzee alilipenda gari hilo kuliko ng'ombe wake. Mashindano ya magari ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua ya masika ikiwa imeshika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, huo ukiwa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Baba alikuwa akitutajia majina hayo mezani kama anayetaja majina ya wajomba.

Mara tatu au nne kwa mwaka naliendesha gari hili kutoka Embu hadi Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Chogoria, kumtembelea dada yangu aliyeolewa Nkubu. Ni safari ya karibu kilomita 130 mpaka mjini Meru. Barabara ni ya lami, lakini haijanyooka. Mito inayoteremka kutoka mlimani kwenda Tana imechimba mabonde yanayoikata njia moja baada ya jingine: Ena, Thuci, Ruguti, Nithi na mengine. Unateremka kwa kona mpaka darajani, unapanda kwa kona upande wa pili, na kabla hujapumzisha mkono unaanza tena. Kwa mwenye gari dogo, la chini, lenye injini ya silinda sita, hiyo ni raha ambayo siwezi kuificha.

Raha hiyo nusura inigharimu. Mwaka wa kwanza baada ya kumzika baba nilifungasha kama ninayehama. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilikuwa na gunia la kilo 25 la mchele wa pishori kutoka Mwea. Nikaongeza mitungi miwili ya petroli ya lita 20, sanduku la vifaa, tairi la pili la akiba na begi la nguo. Yote niliyasukuma mwisho kabisa wa buti. Nilipopita Runyenjes manyunyu yakaanza. Kwenye mteremko wa kwenda Thuci niliingia kona kwa mwendo niliouzoea, na gari likakataa. Kwanza pua ilichelewa kugeuka; kisha, nilipoondoa mguu kwenye mafuta kwa hofu, mkia ukafyatuka kuelekea nje. Ni upana wa barabara tu ulioniokoa, na kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akija.

Nilipomsimulia fundi, aliuliza mzigo ulikuwa na uzito gani. Tukahesabu pamoja: karibu kilo 100. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha momenti."

Alisema kweli. Beba ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani, kisha uzunguke, utasimama unapotaka. Ibebe ndoo hiyo hiyo ukiwa umenyoosha mkono, uzunguke tena. Itakuvuta hata baada ya wewe kusimama. Mzigo ulioko nyuma ya ekseli ya nyuma ni ndoo ya mkono ulionyooshwa. Unayanyanyua kidogo magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yenye kazi ya kugeuza gari, na mkia ukishaanza kutoka unaendelea kuuvuta. Gari lenyewe lina uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, kwa hiyo kilo 100 si kitu kidogo.

Tangu siku hiyo swali ninalouliza juu ya turubai limebadilika. Zamani niliuliza, "Je, nitakihitaji?" Swali hilo halina mwisho, kwa maana hofu ina mahitaji mengi. Siku hizi nauliza, "Je, kitanisaidia kusimama?" Nasimama kwa breki, nasimama kwa hitilafu, nasimama kwa watu. Kisichonisaidia katika mojawapo ya hayo matatu kinabaki nyumbani.

Kwanza, breki. Hapa cha kubeba ni kidogo, cha kufanya kabla ya safari ndicho kingi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke hukandamizika. Unakanyaga pedeli inazama sakafuni. Kwa hiyo fundi huyabadilisha mapema, naye hukagua ngoma za magurudumu ya nyuma na diski za mbele. Kwenye buti naweka chupa ndogo ya mafuta mapya ambayo haijafunguliwa. Kitu kingine ni kipima upepo cha tairi, ambacho hakifiki hata robo kilo. Napima alfajiri tairi zikiwa baridi, kwa sababu zikishapata joto kipimo hudanganya.

Pili, hitilafu. Gari la umri huu lina magonjwa yanayojulikana, na dawa za magonjwa hayo ndizo za kubeba. Nina mkanda wa feni, mpira wa juu wa radieta na vibanio vyake, plagi mbili, pointi na kondensa, fyuzi, waya wa umeme, tepu na waya wa kufungia. Nina plaisi, bisibisi mbili na spana za namba 10, 12, 14 na 17, ambazo ndizo zinazofungua karibu kila nati nitakayoigusa njiani. Sanduku zima la spana nililoachiwa na baba linabaki gereji.

Maji ya radieta ni lita kumi, katika madumu mawili ya lita tano ili yagawanyike kushoto na kulia. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Meru mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ni kama nyuzi 95 badala ya 100. Kifuniko cha radieta chenye mpira mzima hushikilia shinikizo na kuliokoa gari, kwa hiyo nakagua mpira wake kila mara. Nabeba pia kitambaa kinene cha pamba. Siku ya jua kali, baada ya kupanda kwa muda mrefu na kuzima injini, petroli inaweza kuchemkia ndani ya bomba na gari likagoma kuwaka. Kitambaa kilicholoweshwa maji, kikizungushwa kwenye bomba hilo, kwa kawaida hulirudisha baada ya muda mfupi.

Petroli sibebi tena. Buti la 240Z halina ukuta kati yake na abiria, kwa hiyo mtungi wa petroli ungekuwa umekaa chumba kimoja na sisi. Tangi linachukua lita 60, na vituo vipo Embu, Chuka, Nkubu na Meru. Hata tairi la pili la akiba nimeliacha. Madereva wa mashindano walisubiriwa njiani na magari ya huduma. Mimi nina mafundi wa pancha katika kila kituo cha biashara, na kazi yao ni safi.

Kwa kuwa buti liko wazi, kila kitu kifungwe. Gari likisimama ghafla, jeki iliyoachwa huru haina habari kwamba breki zimeshika. Inaendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka ikutane na kisogo chako. Waliotengeneza gari hili waliweka visanduku viwili nyuma ya viti, na humo ndimo jeki na spana zinamokaa, chini na karibu na katikati ya gari. Tairi la akiba limelala chini ya sakafu ya buti, kwa hiyo siku ya pancha ni lazima uuondoe mzigo wote ulio juu yake, pengine mvua ikinyesha. Ndiyo maana nabeba begi moja laini tu, na turubai lile la uani naenda nalo. Natandika chini, naweka begi, nalifunika kwa nusu iliyobaki, nafanya kazi.

Tatu, watu. Hapa fundi wangu haondoi chochote. Pembetatu mbili nyekundu za onyo, zile tunazoziita laifuseva, hukaa juu ya kila kitu. Kizibao kinachong'aa kipo mfukoni mwa mlango, tochi ya kichwani vilevile. Nina vipande viwili vya mbao vya kuzuia magurudumu. Wengi wetu gari likiharibika tunavunja matawi na kuokota mawe, kisha tukishatengeneza tunaondoka na kuyaacha barabarani. Usiku ukiingia, jiwe lililokuokoa wewe ndilo linalomwangusha mwendesha bodaboda. Mbao zangu narudi nazo nyumbani. Sanduku la huduma ya kwanza na mtungi wa kuzimia moto vimefungwa mbele ya kiti cha abiria, ambapo mkono unafika bila kushuka.

Na mchele wa dada? Bado unakwenda. Siku hizi ni kilo kumi, katika mifuko miwili ya kilo tano, imelala sakafuni nyuma tu ya viti. Kumwambia dada kwamba gari halibebi ilikuwa kazi ngumu kuliko kubadilisha klachi, kwa kuwa naye alikuwa na desturi ya kunijazia mkungu wa ndizi, parachichi na makadamia wakati wa kurudi. Nilimketisha nikamweleza habari ya kona ile ya Thuci. Alinisikiliza, akasema, "Basi ndizi nitazituma kwa matatu. Wewe njoo tu, dadangu."

Chakula sibebi zaidi ya themosi ya chai, maji ya kunywa na nduma chache. Chuka kuna ndizi za kuchoma na mahindi. Sweta nabeba, hasa nikipanga kuendelea mpaka Timau, ambako baridi haiulizi ni mwezi gani.

Naondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo Kirimara, kama Wameru wanavyouita mlima huu, unasimama wazi upande wa kushoto, na mawingu hayajaanza kuupanda. Barabara ina nafasi, na kona zilizo mbali na makazi naziendesha kwa furaha yote ambayo gari hili lilitengenezewa. Nikifika kituo cha biashara narudi kilomita 50 kwa saa au chini ya hapo, maana watoto wa shule wako kando ya lami na bodaboda zinaingia bila kuangalia.

Kabla ya daraja la Nithi nasimama kabisa. Jioni ya Julai 24, 2022 basi la abiria liliacha barabara hapo likatumbukia bondeni, na zaidi ya watu 30 wakafa. Haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Naegesha pembeni, nazishika rimu kusikia kama kuna moto usio wa kawaida, naacha breki zipoe. Kisha nateremka kwa gia ya pili, injini ikilizuia gari, mguu ukigusa breki kwa vipindi vifupi.

Ndugu msomaji, gari lako huenda si Datsun, na mlima wako huenda si huu. Lakini usiku wa kuamkia safari tandika turubai, mwite mtu anayekujua vizuri, na mkubalie akuondolee vitu. Chombo kizito kikae chini na kati, laifuseva zikae juu. Na ukikutana na Datsun nyekundu imeegeshwa kabla ya Nithi, haijaharibika. Simama nasi dakika kumi, breki zako zipoe pia.